Maswali Yenu: Hesabu imenikuta nimeshamaliza S6

Mwezi huu barua nyingi ni za matokeo ya S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, nimechukua tatu zinazokaribiana. Ya kwanza ilikuwa ndefu sana nimeipunguza kidogo lakini maneno ni yake mwenyewe.

SWALI: Habari Mwalimu, naomba usitaje jina langu. Mimi ni msichana wa miaka 20, niko Busia upande wa Uganda, nimemaliza S6 mwaka jana. Nilisoma HEG (historia, uchumi na jografia) na sabmathi, ile hesabu ndogo ya nyongeza, matokeo yametoka nina pointi 16. Baba amefurahi mno, anataka nikae ule mtihani wa kuingilia sheria Makerere, ashaanza kuniita wakili mbele ya watu msikitini.

Shida ni hivi. Mimi hesabu sikuwahi kuipenda. Shule zilipofungwa Machi 2020 nilikuwa S2, tukakaa nyumbani hivyo hivyo na kufungua kidogo na kufunga tena mpaka Januari 2022, mimi nauza mandazi hapo malori yanaposimama kusubiri kuvuka, na tuliporudi tukasukumwa S3, ile hesabu ya S2 ikawa imenipita kabisa. UCE, mtihani wa S4, nikapata C5 ya kubahatisha. S5 nikakimbilia HEG, sabmathi nikaifanya kwa sababu ukisoma uchumi bila hesabu lazima uibebe.

Sasa hii veki, likizo ya baada ya S6, nakaa kwenye kibanda cha mobile mani cha shangazi. Jioni moja tumefunga hesabu, keshi imepungua elfu 36, nikaanza kutetemeka. Shangazi ambaye shule aliiachia P7, mwisho wa praimari, akaniambia gawanya kwa tisa kwanza. Nikagawanya, ikatoka elfu 4 bila kubaki kitu. Akasema basi hapa hakuna mwizi, kuna mahali umegeuza namba. Kweli tukarudi kwenye kitabu tukakuta mteja aliweka 48,000 mimi nimeandika 84,000. Nikamuuliza sasa kwa nini tisa? Akasema hajui, ndivyo alivyofundishwa na yule aliyemuuzia kibanda.

Mwalimu sikulala. Saa tisa usiku (naapa ilikuwa saa tisa) nikaamua kuiita tarakimu ya kwanza a na ya pili b, nikaandika 10a + b kutoa 10b + a, ikabaki 9 mara a kutoa b. Yaani lazima iwe tisa! Haiwezi kukwepa! Nililia, usinicheke. Tangu hapo nimekuwa kama mgonjwa, nimechukua madaftari ya binamu yangu wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) nayasoma kati ya mteja na mteja, bando langu lote linaisha kwenye video za hesabu. Nataka niende kampasi nikasome hesabu, hesabu yenyewe. Je nimechelewa? Wenzangu wa PCM wameianza zamani. Nitajuaje kama huu si moto wa mabua? Na prinsipo ya hesabu sina, yaani sikuifanya kama somo kuu, mlango uko wapi? Halafu Baba namwambiaje?
Binti wa kibandani, Busia

JIBU: Binti yangu, barua yako niliisoma kwa sauti stafurumu na mwalimu wetu wa fizikia akauliza kama huyo shangazi anatafuta kazi.

Nianze na hilo la moto wa mabua kwa sababu ndilo linalonihusu zaidi, hayo mengine ni mambo ya fomu na ada. Umeniambia jambo moja ambalo wanafunzi wangu wengi wa PCM wenye A hawajawahi kuniambia, kwamba ulipewa njia inayofanya kazi, ukaitumia ikakutoa kwenye matatizo, na bado hukutosheka mpaka ujue kwa nini. Watu wengi wangeshukuru Mungu elfu 36 imeonekana wakalala. Sasa, hapo ndipo inapoanza hesabu ya kampasi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika sana, kwa sababu hesabu ya shule ni kupewa njia na kuitumia haraka bila kukosea, ya kampasi ni kuulizwa hiyo njia ni kweli? siku zote? unathibitisha vipi? Ni kama somo lingine lililoazima jina.

Mimi mwenyewe nilichelewa kwa aina nyingine. Niliingia MEG, kombinesheni yenye hesabu ndani, kwa sababu ile niliyoitaka ilikuwa imejaa, nikawa napata alama nzuri nikadhani basi mimi ni mtu wa hesabu, nikaenda kuisomea digrii. Mwaka wa kwanza kulikuwa na karatasi imejaa uthibitisho. Nikafanya nilichozoea kufanya, nikakariri. Banange, nilikariri thibitisho kama 40 hivi kama ambavyo wewe ulikariri sababu za Vita vya Kwanza vya Dunia, moja mbili tatu, na maneno yake yote. Kwenye mtihani mhadhiri akabadilisha neno moja tu kwenye swali, alisema "kwa baadhi" mahali pa "kwa kila", na mimi nikamwaga nilichokariri kurasa tatu. Riteki. Nilipoirudia ile karatasi ndipo nilipoanza kuipenda hesabu, nina miaka 21, nimeshalipa ada ya mwaka mzima kwa kitu nisichokijua. Kwa hiyo ukiniuliza kama miaka 20 ni kuchelewa nakuona kama umeniwahi.

Lakini mapenzi ya usiku mmoja nayo yapimwe, tena yapimwe bure kabla hujalipa hata shilingi ya usajili. Tuendelee na hiyo tisa yako. Umethibitisha kwamba ukigeuza tarakimu mbili tofauti inagawanyika kwa tisa. Vizuri. Je kinyume chake ni kweli? Keshi ikipungua kwa kiasi kinachogawanyika kwa tisa, ni lazima namba imegeuzwa? Fikiria kidogo kabla hujaendelea kusoma. Si lazima, mtu anaweza kuchukua elfu 9 kwenye droo akaenda kula rolex (chapati ya mayai) na soda na wenzake na kitabu kisiwe na kosa lolote. Umeona, sheria ya shangazi inaenda upande mmoja tu, upande wa pili ni dalili, haithibitishi kitu (usimwambie hivyo mbele ya wateja). Hiyo tofauti ya "kama hivi basi vile" na "kama vile basi hivi" ndiyo iliyonipa mimi riteki.

Sasa namba ya tarakimu tatu. Igeuze yote, 752 iwe 257, toa. Unapata 495, hiyo ni 99 mara 5. Jaribu nyingine. Kwa nini 99 inarudi, na hiyo 5 inatoka wapi, na tarakimu ya katikati imeenda wapi? Kwa herufi zako za a na b na sasa c utaiona usiku mmoja. Ukimaliza hiyo, usigeuze, zichanganye ovyo, 84,130 iwe 31,048, tofauti bado inagawanyika kwa tisa, na hapa kutoa a na b moja moja kutakuchosha maana michanganyo ni mingi, utahitaji wazo jipya. Nakupa kidokezo kimoja tu, tazama 10, 100, 1,000, na ujiulize kila moja ukiigawanya kwa tisa inabaki ngapi. Halafu kuna hii ya vifuniko vya soda: 1 ni 1, 1+3 ni 4, 1+3+5 ni 9, 1+3+5+7 ni 16, kila ukijumlisha namba witiri kwa mpangilio unapata mraba. Panga vifuniko mezani mpaka uone kwa nini, halafu uandike kwa maneno ambayo binamu yako hawezi kuyapinga.

Fanya haya miezi miwili mitatu, moja moja, bila kufungua video. Na ujiangalie siku zile ambazo haitoki, maana siku inapotoka kila mtu anafurahi, hata mimi nafurahi. Umekwama tangu Jumatatu, leo Alhamisi, unakaanga mayai na bado inazunguka kichwani, unaikasirikia lakini hutaki mtu akuambie jibu? Basi nenda, hata ukichelewa nenda. Ila ukiona unachotaka hasa ni ile tiki, jibu litoke haraka lifae kitu, hilo nalo ni zuri na lina kozi zake, takwimu, uhasibu, uchumi wa hesabu, utasoma kwa furaha na utatumia hesabu kila siku. Nisingependa uchukue digrii ya hesabu tupu kwa sababu ya usiku mmoja kisha mwaka wa pili uwe unanitukana.

Kwa wale wa PCM walioanza zamani, wana mbio kukushinda kwenye kutafuta derivativu na integrali, zile hesabu za S5 na S6, wamefanya mamia na wewe hujafanya. Hilo ni pengo la kweli nisikudanganye, na linazibwa kwa jasho tu, mazoezi kila siku. Lakini kwenye uthibitisho mtaanzia karibu mstari mmoja kwa sababu na wao hawajawahi kuuona. Wengi wao watakwama palepale nilipokwama mimi, kwenye ile sentensi ya "kwa kila epsiloni kubwa kuliko sifuri kuna delta". Nikuonjeshe kidogo usije ukashtuka. Mfikirie mteja mkorofi, anakupa namba wewe unampa jibu, na jibu hilo linatakiwa kukaribia 7 kadiri namba yake inavyosogea karibu na mahali fulani. Anakuja anasema nataka jibu lako lisipishane na 7 hata kwa sehemu moja ya mia, wewe unamtafutia ni karibu kiasi gani inabidi asogee ili isipishane. Anaondoka. Anarudi kesho anasema sasa nataka sehemu moja ya milioni, unamtafutia tena. Mwanahesabu hasubiri arudi, anaandika mara moja jibu ambalo litamtosha mteja huyo kwa kila kiasi atakachokuja nacho, milele, afunge kibanda. Hiyo ndiyo limiti. Epsiloni ni ukorofi wa mteja, delta ni jibu lako, na mpangilio wa maneno ni muhimu, yeye anasema kwanza wewe unajibu baadaye.

Aliyeliweka sawa hilo jambo ni Mjerumani mmoja, Karl Weierstrass, na namtaja kwa sababu ya baba yako. Alizaliwa 1815, baba yake akampeleka Bonn akasome sheria na mambo ya fedha ili aje awe afisa wa serikali. Akakaa miaka minne anacheza mapanga na kunywa bia, akarudi nyumbani bila digrii, aibu tupu. Ikabidi asomee ualimu. Akafundisha sekondari za miji midogo miaka mingi, si hesabu tu, hadi mwandiko na mazoezi ya viungo, usiku anaandika hesabu zake. Mwaka 1854, karibu anafika 40, akachapisha kazi moja iliyowashtua watu, chuo cha Königsberg kikampa udaktari wa heshima, miaka miwili baadaye yuko Berlin. Wa siku zetu hizi kuna June Huh, aliacha sekondari Korea Kusini akitaka kuwa mshairi, chuoni akasoma fizikia na elimu ya nyota akachukua miaka sita, hesabu ikamkolea mwishoni alipoingia darasa la Mjapani Heisuke Hironaka. Alipoomba kwenda kusoma Marekani karibu vyuo vyote vilimkataa. Mwaka 2022 akapata Medali ya Fields. Usiwatumie hawa kumshawishi mtu yeyote lakini, wazazi wakisikia mtu alikunywa bia miaka minne watabaki hapohapo kwenye bia.

Haya, mlango. Pointi zako 16 ni nzuri ila kwa digrii ya hesabu hazikufikishi, sabmathi ni subsidiari, inakupa pointi moja tu na haihesabiki kama prinsipo. Chuo kinataka prinsipo mbili za mtihani mmoja, huwezi kuchukua uchumi wa mwaka jana ukaunganisha na hesabu ya mwaka huu. Ningekuwa wewe ningerudi kukaa UACE, mtihani wa S6, kama mtahiniwa binafsi kwa MEG, yaani hesabu, uchumi na jografia, mawili tayari unayo kichwani yanahitaji kupigwa vumbi tu, nguvu yote unaimwaga kwenye hesabu. Hiyo hesabu ni P425, ina karatasi mbili, ya kwanza pyua, ya pili aplaidi yenye mekaniki, takwimu na probabiliti, na zile njia za kukadiria wanaziita numerikali. Mwaka mmoja kwa mtu wa sabmathi ni kubanwa, sikufichi, ila baadhi umeshagusa. Tafuta senta ya UNEB, baraza la mitihani, hapo Busia au Tororo uulize mapema kabisa maana usajili unafungwa mtihani ukiwa bado mbali, na beba matokeo yako ya UCE wataangalia. Faida yake utaiona kwenye uzito, Makerere somo la lazima kwa kozi wanalizidisha kwa 3, linalohusiana kwa 2, na B ni pointi 5, kwa hiyo B moja ya hesabu kwa kozi ya hesabu ni 15 peke yake.

Usiwe na haraka ya jina la kozi. Kuna digrii ya sayansi yenye hesabu, baadhi ya vyuo wanataka na fizikia juu yake baadhi uchumi unakubalika, soma masharti yao mstari kwa mstari. Kuna takwimu, kuna akchuari yaani hesabu za bima, kuna uchumi wa kiasi, hizo zinapatana vizuri na MEG. Kyambogo wana historia ndefu ya kulea walimu, Mbarara na Busitema ni vyuo vya serikali vya sayansi, na Busitema we unapita hapo mlangoni pake kila ukienda Kampala. Njia nyingine ni ile Cheti cha Elimu ya Juu, HEC, mwaka mmoja wa kuziba pengo la somo, ina mkondo wa sayansi, ila ulizia kwanza kama chuo unachokitaka wanaipokea kwa kozi unayoitaka, usisikilize aliyeko kwenye bango la barabarani. Ada ikisumbua, bodi ya mikopo ya wanafunzi ilianza kutoa mikopo 2014 na imeelemea sana kozi za sayansi, wanalipa ada, chakula na kitanda ni juu yako.

Baba. Hapa sitakufundisha hesabu. Usimwambie "sitaki sheria", hilo neno "sitaki" likishatoka hutalirudisha. Na usiende wewe. Shangazi ni dada yake, si ndiyo? Huku kwetu neno zito kwa baba linapitia kwa shangazi, na huyu wako ndiye aliyeanzisha haya yote na tisa yake, aende ayamalize. Amwambie mtoto anaomba mwaka mmoja, atakuwa anakaa kibandani anajilipia usajili mwenyewe, na kama hesabu ikikataa ule mtihani wa sheria unakuwepo kila mwaka na pointi zake hazijaoza. Mzee anayejisifu msikitini anaogopa aibu, anahitaji kitu cha kuwaambia watu, kwa hiyo mpeni mapema. "Binti anarudi kuongeza hesabu" si sentensi mbaya hata kidogo mbele ya watu.

Ile ya kuchanganya tarakimu ovyo ukiitoa niandikie. Usinitumie ya binamu.

SWALI: Mwalimu mimi ni askari wa usiku hapa Kampala, miaka 33. Nilimaliza S6 zamani nikapata prinsipo moja nikaishia hapo. Mtoto wangu yuko P6, nimeanza kumsaidia houmuwaki ya hesabu na sasa yeye ashalala mimi ndiye nabaki na kitabu chake getini mpaka asubuhi. Najua ni kichekesho lakini mtu wa umri wangu anaweza kusoma digrii ya hesabu? Hata sehemu nilikuwa nimezisahau, juzi ndio nimejua tena kwa nini ukigawanya kwa nusu namba inakuwa kubwa.
Askari, Ntinda

JIBU: Hicho unachosema umejua juzi nina walimu wa praimari wasioweza kukieleza kwa hiyo kichekesho sikioni. Njia yako ipo, inaitwa mature entry, ni ya walio na miaka 25 kwenda juu, unafanya mtihani wa chuo wenyewe, wa uwezo wa jumla na wa eneo unalotaka kusomea. Usiufanye mwaka huu lakini. Umetoka kwenye sehemu za P6, kutoka hapo mpaka S6 kuna milima, panda kwa mpangilio, maliza kitabu cha mtoto, chukua cha S1, endelea. Saa za getini unazo nyingi kuliko mwanafunzi yeyote ninayemjua, ila tahadhari, lekcha za sayansi nyingi ni mchana na wewe usiku unalinda, sasa utalala lini? Hilo ndilo litakalokuangusha kuliko umri, lipangie kabla ya hesabu yenyewe.

Kuhusu umri, Joan Birman wa Marekani alizaliwa 1927, akaolewa, akalea watoto watatu, PhD yake ya hesabu akaipata 1968 akiwa na miaka 41, akaja kuwa mtu mkubwa sana kwenye hesabu za mafundo na misuko, ndiyo, misuko kama ya nywele, kuna hesabu yake. Yeye lakini digrii ya kwanza alikuwa nayo tayari tangu ujana, nisikupake mafuta. Na mtoto umwache afanye houmuwaki yake mwenyewe kwanza, wewe uchukue kitabu akishamaliza.

SWALI: Mwalimu, kijana wangu yuko S6 PCM hapa Kasese, alikuwa wa uinjinia tangu mdogo, likizo hii amekuja na maneno mapya, anataka hesabu. Nimemuuliza hesabu ni kazi gani akanyamaza. Mimi nimeuza kahawa miaka yote hii nimlipie mtu akahesabu nini?
Mama wa Kasese

JIBU: Mama, pole na hongera kwa pamoja. Alinyamaza kwa sababu hesabu haina ofisi yenye kibao kama daktari au injinia, kazi zake zimevaa majina ya wengine. Ya kwanza ni hii yangu. Tangu Julai 2022 mwalimu wa sayansi mwenye digrii kwenye sekondari ya serikali analipwa milioni 4 kwa mwezi, na hesabu imo, hata wenzetu wa masomo ya sanaa waligoma mwaka huo kwa ajili ya hilo pengo. Ila nakuambia na upande wa pili, kuingia kwenye hiyo orodha ya serikali si kesho, wengi wanaanzia shule za binafsi kwa mshahara mdogo sana huku wanasubiri. Na kufundisha kunataka awe na ualimu ndani ya digrii au auongeze baadaye, ahakikishe hilo mapema.

Nje ya darasa wako wanaokwenda kwenye takwimu, ile sensa ya Mei 2024 iliyotuambia Uganda tuko milioni 45.9 haikuhesabiwa na wazungu. Wako benki, kampuni za simu, bima, hiyo ya bima inalipa vizuri lakini mitihani yake ya akchuari ni mirefu, mtu anaifanya miaka baada ya digrii. Wengi siku hizi wanaangukia kwenye kompyuta na data, kwa hiyo mwambie akienda hesabu asipitishe mwaka wa kwanza bila kujifunza kuandika programu, hesabu bila kompyuta sokoni inatembea kwa mguu mmoja. Akifanya vizuri kuna AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hesabu, wana kituo Kigali tangu 2016, masta yao ni ya skolashipu, na kutoka Kasese Kigali si mbali.

Tena huyu hana haraka kama yule binti wa Busia. Ana PCM, milango yote miwili iko wazi, na uinjinia wenyewe mwaka wa kwanza umejaa hesabu tele. Mwache amalize S6 ajaze vyote kwenye fomu. Ukitaka kujua yuko wapi, siku moja muulize, daraja likisimama unafurahi kwa sababu limesimama au kwa sababu umejua kwa nini halianguki? Muulize mkiwa mnachambua kahawa, si mbele ya wajomba zake.